Gauni Lililopauka Nusu

Bwawa la Mwalimu sasa lina mbuzi. Nilipita pale wiki iliyopita nikachungulia juu ya ukuta, nikawaona wanne wamejilaza upande wa kina kirefu, ambako kivuli hukawia kuondoka, wanacheua maganda ya miti ya mathenge kana kwamba shimo lile lilichimbwa kwa ajili yao. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mbuzi ndio waliokuwa wenyeji kabla yetu. Sisi tuliliazima tu kwa muda, tukaweka maji, tukaondoka.

Wanaonijua hapa Lodwar wanajua mimi si mtu wa kulialia. Mimi ni mtu wa kugomba. Lakini siku hiyo nilisimama pale ukutani na jua lote lile utosini, nikavuta pumzi nikitafuta harufu ya klorini, na nilipoikosa nikavuta tena.

Nyumba ile ilijengwa na mkandarasi mmoja wa barabara, mtu wa mbali aliyedhani atazeekea Turkana. Akajichimbia bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, dogo, la hatua kumi na tano kwa sita, akalipamba kwa vigae vya bluu. Barabara ilipokwisha akafungasha, na nyumba ikanunuliwa na Mwalimu na mumewe. Mzee yule alikuwa mlokole hasa. Alisema kujaza shimo maji ya kuchezea wakati akina mama wanafukua mchanga wa mto Turkwel kutafuta ya kupikia ni kumtukana Mungu mchana kweupe. Akaingiza mbuzi. Alipokufa, mbuzi wakabaki.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amenifundisha darasa la nne. Vidole vyake navijua vizuri, maana vilivuta sikio langu hili la kushoto mpaka leo naona limelizidi lenzake. Alistaafu akawa mama wa kanisa na msuluhishi wa kila ndoa iliyoyumba mtaani. Halafu asubuhi moja akaanguka jikoni, na alipoamka upande wote wa kulia ulikuwa umemkatalia. Kiharusi.

Binti yake, mtoto pekee, akaja mbio kutoka Nairobi. Alikuwa ameshamwandalia mama yake chumba kwenye ghorofa ya tano, na msichana wa kumtazama. Mwalimu akasema haendi. Alisema Nairobi ni baridi, na kwamba mtu akifia ghorofa ya tano hata majirani hawajui alikuwa anaitwa nani. Wakavutana siku nne, mama na binti, wote vichwa vigumu, mmoja kwenye kiti cha magurudumu na mwingine amesimama mlangoni na mkoba begani. Mwishowe wakakubaliana neno moja. Siku ya Pasaka binti angerudi. Akimkuta mama yake anaweza kutembea kwa miguu yake kutoka getini kwake hadi kanisani, angemwacha akae Lodwar na asilizungumze tena. Akishindwa, wangeondoka pamoja kesho yake.

Getini hadi kanisani si mbali. Mimi nilikuwa nahesabu hatua mia tatu na kidogo. Lakini ni mchanga, ule mchanga wetu wa kumeza mguu, na Mwalimu wakati huo hakuweza kusimama bila watu wawili.

Ni daktari wa viungo hospitalini aliyeleta habari ya maji. Alisema mtu akisimama ndani ya maji ya kifuani mwili unakuwa mwepesi, mguu uliosahau kazi unaweza kukumbushwa taratibu bila kuogopa kuanguka. Alisema hivyo kisha akacheka, kwa sababu wapi Lodwar utapata bwawa? Mwalimu hakucheka. Alirudi nyumbani akaamuru mbuzi watolewe, kisha akaniita mimi.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturukana. Mdomo ulikuwa bado umekwenda upande, lakini sauti ilikuwa ile ile ya darasani. "Nasikia wewe umekuwa fundi wa maji huko Kakuma."

Nikajibu ndiyo, Mwalimu, na kichwa kikanivimba. Hapo ndipo penye kosa langu lote, kwenye kule kuvimba kichwa.

Ni kweli nilikuwa nimekaa Kakuma miaka kadhaa, kwenye kambi ya wakimbizi, nikipima klorini kwenye mabomba. Kazi yangu ilikuwa kijisanduku cha plastiki chenye mirija miwili na vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja. Unajaza mrija maji, unatumbukiza kidonge, unatikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka pinki. Ikiwa nyingi, pinki inakuwa nzito. Ikiwa hakuna, maji yanabaki kama yalivyotoka. Unalinganisha na rangi zilizopangwa pembeni, unaandika namba kwenye fomu, unaenda bomba linalofuata. Nilikuwa naipenda kazi ile, sitaki kudanganya. Asubuhi za Kakuma zilikuwa na raha yake: mitungi ya njano imejipanga foleni peke yake kabla ya wenyewe kuja, Kiswahili cha Kongo huku, Kisomali kule, wasichana wanachekana, na mimi napita na sanduku langu najiona daktari.

Rafiki yangu mkubwa kule alikuwa mama wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mitaa miwili, aliyesimamia bomba la mtaa wake. Yeye hakuwa na mrija. Alikinga maji kiganjani, akayanusa, akayasugua kati ya vidole, akasema leo ipo, leo haipo, leo wameamka na hasira huko kwenye tangi. Alikuwa anapatia karibu kila siku, na hilo lilikuwa linaniudhi. Msimamizi wetu alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba pua haiandikwi kwenye fomu, na mimi nilimrudishia mama yule maneno hayo kama yangu.

Kitu kingine nilichogombana na watu kule ni ndoo. Akina mama walikuwa hawapendi harufu ya klorini, walisema inaharibu chai, inawakumbusha sakafu za hospitali. Basi wakifika nyumbani walikuwa wanaacha ndoo wazi juani, na baada ya muda harufu inakwisha. Inakwisha kwa sababu jua limekula klorini yote! Nilikuwa napita nyumba hadi nyumba nafunika ndoo za watu huku nafoka, funikeni maji, funikeni maji. Watoto wakanipa jina hilo, wakawa wananiimbia nikipita. Rafiki yangu akawa anacheka tu. Mkataba wangu ulipoisha nikarudi Lodwar na kijisanduku changu, zawadi ya kuagwa, na imani kwamba hakuna cha maji nisichokijua.

Bwawa likanionyesha nisivyojua mara moja. Tulisugua siku tatu kuondoa harufu ya mbuzi, fundi akafufua pampu na chujio la mchanga, tukajaza kutoka kisima cha pale pale uani. Mwalimu aliweka sharti: bomba la getini lifunguliwe majirani kwanza kila asubuhi, wakishamaliza ndipo sisi tuongeze letu. Hata hivyo maneno hayakukosekana. Kuna waliosema Mwalimu ameanza kuoga maji ya watu mia. Niliwajibu wachache, tena kwa ukali, mpaka Mwalimu akanikataza.

Nikatia klorini ya chengachenga, nikapima, ikaja pinki safi kabisa. Nikatulia. Baada ya siku nne maji yakaanza kuwa ya kijani kando kando na yenye utelezi. Nikapima, pinki ipo! Nikaongeza, bado kijani. Ikabidi nimeze kiburi na kumpigia simu muuza dawa za mabwawa kule Eldoret. Akaniuliza pH ni ngapi. Sikuwa nimewahi kuipima. Kakuma kipimo hicho kilikuwa kazi ya watu wa kisimani, si yangu. Akanieleza kwa upole kwamba maji yana upande wa ndimu na upande wa magadi, na ya visima vyetu yameelemea mno upande wa magadi, na huko klorini inakuwepo lakini imesinzia, haifanyi kazi. Nikaagiza vidonge vya kupimia hilo na asidi ya kurudisha maji katikati. Nikajifunza kuimimina asidi kidogo kidogo, asubuhi moja, na klorini siku nyingine, visikutane kamwe. Kijani kikaondoka. Maji yakawa maangavu mpaka vigae vya chini ungeweza kuvihesabu.

Nikikumbuka miezi ile, wacha tu. Nilikuwa nafika alfajiri kukiwa bado na ubaridi, ule wa Lodwar usiodumu hata saa mbili. Nakunja turubai tuliyoitandaza juu ya maji, maana ndoo kubwa ni ndoo, na mimi sikuwa nimeacha tabia ya kufunika. Jua likipanda narudishia. Napima, naandika kwenye daftari ambalo Mwalimu alilipigia mistari mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kisha namtoa ndani, namshusha ngazi moja, ya pili, ya tatu. Yeye anaingia na gauni lake la kitenge la bluu, sare ya akina mama wa kanisa. Nguo ya kuogelea alikataa, alisema ile ni chupi ya watu wasio na wazazi. Nilipomwambia avae gauni kuukuu akanikazia macho. Alisema anajifunza kutembea kwenda kanisani, kwa hiyo anajifunza akiwa amevaa nguo ya kanisani. Gauni lilikuwa linaelea kumzunguka kama mwavuli, na mimi natembea ukingoni sambamba naye nimeshika mkono wake, kwa sababu kuogelea sijui na maji yanayozidi goti nilikuwa nayaogopa kama simba.

Tulikuwa tunahesabu. Mwalimu alihesabu hatua kwa Kiturukana kwenda na kwa Kiswahili kurudi. Akichoka anasimama katikati ya maji ananiuliza habari za wanafunzi wenzangu wa zamani, nani ameoa, nani amekuwa mlevi, na mimi namwaga umbea wote. Baada ya wiki ya tano aliuachia mkono wangu. Baada ya wiki ya tisa alikuwa anatembea uani kwa fimbo, kutoka jikoni hadi bwawani. Pasaka ilikuwa imebaki wiki mbili. Kila jioni alikuwa anampigia binti yake na kumwambia asihangaike kuandaa chumba.

Ndipo ukaja upepo. Siku hiyo vumbi lilifunika mji tangu mchana, mabati yakapiga kelele, turubai ikang'oka na kwenda kukwama kwenye michongoma. Jirani akapoteza mbuzi wawili wadogo katika purukushani ile. Tuliwapata bwawani wanaogelea kwa kilio, na usiulize walichoacha mle. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Nikawasha pampu, nikatia klorini kipimo cha kufa na kupona, nikafunika.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yameanza kutakata. Nikapima. Hakuna rangi. Maji mrijani meupe kabisa. Nikajiambia uchafu wa mbuzi umeila klorini yote, jambo ambalo kweli hutokea, nikatia nyingine kama ile. Jioni nikapima, meupe. Nikatia tena. Nakumbuka kidonge kilipogusa maji niliona kama wekundu kidogo, kufumba na kufumbua haupo. Nikasema ni kivuli cha kidole changu. Harufu ilikuwa inanipanda hadi kwenye ubongo, macho yananiwasha, lakini pua haiandikwi kwenye fomu, na mimi nilikuwa mtu wa fomu. Siku ya tatu mrija bado mweupe, maji maangavu kama kioo, na Mwalimu ananikumbusha siku zilizobaki. Nikatia mara ya mwisho, nikasubiri kidogo, nikamshusha.

Alitembea karibu nusu saa. Hakulalamika, kwa sababu alikuwa mtu wa kutolalamika, na mimi nilikuwa natazama hatua zake, si uso wake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Mpaka saa nne yalikuwa yamevimba hayafunguki, na ngozi ya kifuani hadi miguuni ilikuwa inamuwaka. Daktari alikuja akamwosha macho, akampaka mafuta, akasema hayatadhurika lakini asiguse maji yale. Mwalimu akanielekezea uso, macho yamefunikwa pamba.

"Umepima kitu gani wewe?" akaniuliza.

Nikamjibu nilipima, hakukuwa na klorini hata kidogo. Akasema basi ni vizuri niende nyumbani. Akaomba simu yake, akaomba mlango ufungwe. Nilibaki barazani nasikia sauti yake bila kusikia maneno. Nikajua anazungumza na binti, nikajua kumekwisha.

Sikwenda nyumbani. Nilichukua lile gauni lililokuwa limerundikwa kwenye karai likichuruzika, nikalianika kambani. Siku zote nilikuwa nalisuuza kwanza kwa maji ya bomba. Siku hiyo akili haikuwepo. Nikakaa chini ya mti wa mkungu nikijitukana, na nilipoinua macho saa saba, nikaona jambo lililonisimamisha wima. Gauni lilikuwa limegawanyika. Juu ya kifua bluu ilikuwa bluu. Kuanzia pale maji yalipofika, kwenda chini, lilikuwa limepauka, rangi imetoka, limekuwa kama anga ya jua kali.

Nilisimama nalo mkononi nikihisi aibu inanipanda kutoka miguuni. Kumbe! Maji yaliyokuwa na nguvu ya kula bluu ya kitenge yalikuwa yanakula na pinki ya kidonge changu. Ule wekundu uliopita upesi haukuwa kivuli cha kidole. Klorini ilikuwa nyingi mno hata ikakifuta kipimo chenyewe, na mimi nikaita ule weupe ukosefu. Kakuma sikuwahi kuona maji ya namna hiyo. Kule tatizo letu lilikuwa moja tu, klorini kuwa haba. Kwa hiyo nilipoona mrija mweupe nilijua sababu moja tu, na dawa moja tu.

Nikachota kikombe kimoja cha bwawa, nikakichanganya na vikombe tisa vya maji ya kisima yasiyotiwa kitu, nikapima mchanganyiko ule. Pinki ikaja nzito na ikakaa. Nikazidisha mara kumi kama hesabu za darasa la nne, nikapata ishirini na zaidi, mahali panapotakiwa moja hadi tatu.

Kumwaga maji yale yote, na foleni ya mitungi ile getini, singethubutu. Nikampigia rafiki yangu wa Kakuma. Nilimsimulia mwanzo hadi mwisho nikitegemea pole. Akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, si wewe ulikuwa nafunika ndoo yetu kwa nguvu?" akasema. "Sasa fungua. Wacha jua ikule."

Nikaivua turubai, nikaikunja, nikaitupa mbali. Siku tatu bwawa lilikaa wazi chini ya jua la Lodwar, na mimi nimekaa kando yake kama mlinzi, napima kila saa kwa vikombe vyangu kumi. Ishirini, kumi na mbili, saba. Maji yalikuwa yanapungua pia, yakipanda hewani bure, na kila nikitazama ukuta wa vigae ukizidi kuonekana roho iliniuma. Siku hizo tatu Mwalimu hakunisemesha. Nilimpelekea chai, akaipokea. Nilimweleza kosa langu lote, nimepiga magoti kando ya kitanda, akasikiliza na pamba machoni. Ningeona afadhali anivute sikio.

Siku ya nne kipimo kilikuwa mbili. Nikapima tena bila kuchanganya, pinki nzuri ya zamani. Nikanusa, nikasugua kiganjani kama rafiki yangu. Nikamwambia Mwalimu maji yamepona. Pamba ilikuwa imeondolewa, akanitazama na macho yale yenye wekundu kando.

"Siingii," akasema. "Ulisema hivyo hivyo juzi."

Alikuwa amesema kweli. Pasaka ilikuwa imebaki siku tisa na miguu yake ilikuwa imeanza kukaza tena, jana yake nilimwona anashika ukuta. Nikasukuma kiti chake hadi ukingoni, naye akaniruhusu bila kuuliza. Nikavua ndala. Nikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nguo zangu zote, nikiwa nimekamata chuma cha kando kwa mikono miwili. Maji yaliponifika kiunoni nilitamani kupiga kelele. Yaliponifika kifuani nilisali kwa sauti. Kisha nikafumba macho, nikaziba pua, nikazamisha kichwa chote, nikalifungua jicho mle ndani kusudi anione nimelifungua. Nilipoibuka nilikuwa natema maji na kutetemeka kama kifaranga. Nilikaa mle nusu saa, sikusogea hata hatua moja, nimeng'ang'ania chuma, nikimtazama na macho yangu wazi.

Hayakuwa mekundu. Alinikagua kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa anakagua kucha zetu mstarini. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, ule ule uliomkatalia, akaniambia nisimame vizuri, kwa sababu natia aibu, mtu mzima kukumbatia chuma. Akashuka ngazi peke yake. Siku ile mimi ndiye niliyeshikwa mkono. Tulihesabu pamoja, kwenda na kurudi.

Pasaka binti alifika na gari na mashuka mapya ya chumba cha ghorofa ya tano. Alikuwa amemletea mama yake gauni jipya, maana habari za lile lililopauka alikuwa amezipata. Mwalimu akalikataa. Akavaa lake, bluu juu na ile rangi ya kufifia chini, mstari umekata kifuani kama umepigwa kwa rula. Akaanza kutembea. Mimi nilikuwa nyuma hatua mbili, binti kando, na akina mama wa kanisa wamejipanga mlangoni kwa mbali katika bluu zao nzima. Hatua ya mia moja na themanini, mchanga ukamshika mguu, akasimama. Fimbo ilikuwa inatikisika. Binti akanyoosha mikono. Mwalimu hata hakugeuka. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kiturukana, kama tulivyozoea majini, na mguu ukatoka mchangani.

Alipoketi kwenye benchi lake la mbele alikuwa analowa jasho. Binti yake aliketi pembeni, na wakati wa kutoka akamwambia, "Basi mama, kaa." Ghorofa ya tano haikutajwa tena.

Alikaa miaka mitatu na nusu. Kila alfajiri tulikuwa majini, sote wawili, na alikufa katika kitanda chake, dirisha wazi, upande unaoelekea bwawani. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kulizungumzia lile kosa, na mimi sikuwahi kujua kama amenisamehe au amelipuuza tu. Lilikuwa limenikaa kama mwiba uliovunjikia ndani. Baada ya maziko, tulipokuwa tunakunja nguo zake, mimi na binti, gauni likatokea. Nikaona nisipolisema siku ile sitalisema tena. Nikamwambia binti kwamba mimi ndiye niliyelipausha, mimi ndiye niliyemuunguza mama yake macho, na kama angeshindwa kutembea Pasaka ile ingekuwa kwa mikono yangu.

Aliendelea kukunja.

"Najua," akasema. "Alinipigia siku ile ile. Nikamwambia kesho asubuhi nakufukuza kazi. Akaniambia, 'Ukimfukuza huyo, usitume mwingine. Njoo unichukue tu, nitakuja Nairobi.'"

Kisha akanipa lile gauni. Nilikaa chini pale pale sakafuni, nimelikumbatia.